Siku Kumi na Moja za Zege

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Alhamisi, tarehe 9, mwezi wa saba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, kwa sababu Mama alitulea hivyo: hata mtu unayetaka kumvaa unaanza kwa kumwamkia. Hujambo? Mkeo hajambo? Wanangu wawili wanaendeleaje na shule, na yule mdogo kifua chake kimepona? Baridi ya huko nasikia haina adabu. Mvalishe soksi wewe mwenyewe, usimwachie mama yake kila kitu.

Sisi huku hatujambo, kwa kusema. Mguu wa Mama unavimba asubuhi na jioni unanywea. Dawa anameza akikumbushwa, na akikumbushwa mara mbili ananuna. Mimi ni mgongo tu, wa kuinamia cherehani. Paa la jikoni tumeziba pale palipokuwa panavuja, sasa linavuja pengine. Hizo ndizo habari njema, na zimeisha.

Nimekukasirikia. Nakwambia mapema ili usisome ukurasa mzima ukitafuta utani wangu.

Barua yako aliileta yule nesi aliyekuja likizo, Jumatatu asubuhi. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Unasema huko umepewa darasa la watu wazima kanisani, kila Jumatano, na somo lenu ni kweli na haki katika maisha ya Mkristo. Unasema watu wanakusikiliza kimya mpaka mnasikia saa ya ukutani. Halafu unaniomba mimi nikutafutie mfano mmoja wa kweli kutoka nyumbani, wenye mguso, kwa sababu eti mimi nina kipaji cha kusimulia. Kilemba cha ukoka hicho, nakijua, ulianza kunivisha ukiwa na miaka sita ukitaka nikufulie shati.

Mara ya pili sikucheka, kwa sababu nilifika ule mstari wa chini kabisa, uliouandika kwa herufi ndogo kama vile karatasi ilikuwa inakuishia. "Nimefurahi kusikia Fundi Timazi amekubali kutubu. Mwambieni mimi nilishamsamehe siku nyingi."

Umemsamehe! Wewe! Umemsamehe mtu kwa kosa ulilolifanya wewe kwa mkono wako! Nina miaka hamsini na moja, nimeona mengi, lakini mwizi kumsamehe mwenye kuku sijapata kuona. Huna haya?

Na habari yenyewe ya fundi kutubu mimi nilikuwa siijui. Mama alikuwa amekwambia wewe uliye ng'ambo kwa simu, mimi ninayelala naye nyumba moja nikafichwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba Mama naye anaelewa kila kitu. Mtu hamfichi mwenzake jambo lisilo na uvundo.

Jumanne nilikupigia. Ulisema, "Dada, usichokoze nyuki waliolala," kisha ukasema mtandao mbaya, kisha simu ikakatika. Mtandao wa huko huwa haukatiki ukiomba tukutumie vyeti. Ndiyo maana naandika. Simu unaikata kwa kidole. Barua ukiichana utakuwa umeshaisoma.

Haya, chukua kalamu. Mfano wako huu hapa.

Palikuwa na kanisa moja linaloongezewa kibaraza cha mbele, chenye paa la zege. Msimamizi wa ujenzi alikuwa mzee wa kanisa, kijana kwa umri, hodari wa maneno, anayesubiri safari ya kwenda kazini ng'ambo. Fundi mkuu tulimwita Timazi, kwa sababu ile kamba yake yenye kipande cha chuma, ya kupimia kama ukuta umesimama wima, haikumtoka mfukoni hata akienda msibani. Na dada yake msimamizi alikuwa mmwagiaji maji.

Kazi yangu unaikumbuka, ingawa hukupata kushika ndoo. Zege likishamwagwa haliachwi likauke kama nguo kwenye kamba. Linanyweshwa. Ndoo nane asubuhi, ndoo nane jioni, magunia juu yake yasipoteze unyevu, na chini yake ile miti ya kuliegemeza isiguswe mpaka zitimie siku ishirini na moja. Kila siku nikimaliza nachora mstari wa chaki kwenye mlango wa stoo. Fundi ndiye aliyeniambia nichore. Alisema mdomo ukiulizwa hesabu hujibu inavyotaka, bora mlango ujibu.

Siku ya kumi na moja ulikuja umevaa viatu vya kung'aa. Ilikuwa Alhamisi kama leo. Jumapili ilikuwa ibada ya kukuaga, na wewe ulitaka upigwe picha umesimama chini ya kibaraza kipya, wageni wamekuzunguka. Ile miti ilikuwa imejipanga mbele ya mlango, imechafuka saruji, mmoja umepinda. Ukasema, "Fundi, toa hii miti. Inaharibu picha."

Akakwambia, "Mzee, zege bado bichi. Muulize dada. Mistari kumi na moja."

Hukuniuliza. Ulimwambia tatizo lake ni imani ndogo. Mtu anakueleza habari za zege, wewe unamjibu kwa imani! Sasa nakuuliza mwalimu wa darasa: tangu lini imani ikashikilia paa badala ya miti?

Alikunja mikono akakataa. Ndipo ulipookota nyundo pale chini, ukagonga mti wa kwanza ukaanguka, ukagonga wa pili, ukagonga wa tatu. Paa halikutikisika. Ukamwangalia ukacheka, ukasema, "Umeona?" Ukamwamuru atoe iliyobaki, ukajipangusa vumbi, ukaenda kujaribu suti. Mimi nilikuwa juu ya zege na ndoo yangu. Nadhani ulisahau kwamba mimi pia ni mtu.

Fundi hakutoa hata mmoja. Aliokota ile mitatu uliyoiangusha akaanza kuirudisha, mmoja mmoja, huku akinung'unika. Alipokuwa kwenye wa pili akasikia mlio, mimi huko juu sikusikia kitu. Akapaza sauti, "Dada, shuka! Shuka sasa hivi, acha ndoo!" Nikashuka ngazi nikimlalamikia kwa sababu ya ndoo. Mguu wangu ulikuwa umegusa chini tu. Paa likaja, na yeye akiwa chini yake ameukumbatia ule mti.

Umenisikia? Alikuwa anarudisha. Watu walipokimbia kutoka barabarani wakamkuta amelala na mti kifuani, mguu wake wa kushoto umebanwa kuanzia gotini. Na wewe ulipofika, umevaa suti yenye alama za chaki za fundi wa nguo, neno lako la kwanza likawa, "Nilimkataza asitoe hiyo miti." Sijui ulilitoa wapi upesi hivyo. Yesu wangu, hata jasho lilikuwa halijakutoka.

Zikaja na habari za pombe. Alikuwa ameacha kunywa miaka tisa, tena aliacha mbele ya kanisa zima, kwa hiyo kila mtu alijua aliwahi kunywa. Toba yake ikawa ushahidi dhidi yake. Nesi wa hospitali alikuwa amemwosha mguu kwa spiriti, harufu ikajaa chumbani, wazee waliokwenda kumwona wakatoka wakiziba pua na kutazamana. Wewe ulikuwa miongoni mwao. Uliitambua harufu ile kama mimi nilivyoitambua, ukatikisa kichwa kwa masikitiko.

Yeye alisema ukweli wake mara moja tu, pale kitandani, bila kupaza sauti. Alisema, "Muulizeni dada. Alikuwa juu."

Wakaniuliza. Hapa ndipo mfano wako unapopata huo mguso unaoutaka.

Jioni ile ulikaa kitandani kwangu, umeshika kichwa, ukaniambia safari ni wiki ijayo, likizuka jambo la polisi imekwisha, na Mama atakufa kwa presha. Mama akaja mlangoni akalia. Nikachukua kitambaa cha vyombo, nikaenda kwenye mlango wa stoo, nikafuta mistari yote kumi na moja. Asubuhi yake niliwaambia wazee kwamba hesabu ya siku sikuishika, na kwamba miti ilipotolewa mimi nilikuwa bombani nachota maji, sikuona. Mchungaji akaniuliza, "Una hakika, dada?" Nikasema ndiyo. Nilimjibu haraka sana, kama mtu anayefukuza inzi.

Mtu alinishusha kutoka kwenye kifo kwa mdomo wake, na mimi kwa mdomo wangu nikamzika. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo tuliikariri wote wawili tukiwa watoto, wewe ukapewa na zawadi. Sikuandikii kama mtakatifu. Nakuandikia kama mwenzako. Tofauti yetu ni kwamba mimi sijaanzisha darasa.

Ulipofika huko ukanitumia cherehani. Nzuri, ya umeme, inashona na vifungo. Sikukuuliza ya nini, na wewe hukusema. Nimekula nayo miaka miwili.

Sasa nikueleze huyo uliyemsamehe anaishije. Mguu ulipona ukiwa umepinda, anatembea na gongo. Kupanda jukwaa la ujenzi hawezi tena. Hata kazi za chini hapewi, kwa sababu nani ampe nyumba mlevi aliyeangusha kanisa? Anakaa kwenye kigoda nje ya chumba chake, anafyatua yale matofali ya matundu ya kupitisha hewa, moja moja, anayapanga ukutani kukauka. Mkewe anafua nguo za watu. Kanisani anakaa benchi la mwisho, Meza ya Bwana ikiandaliwa anainuka anatoka nje anasubiri kwenye ngazi. Miaka miwili. Na ninyi mliomtenga mnasema kanisa lina upendo, kwa kuwa halikumshtaki.

Jumatatu ileile ya barua yako, mchana, binti yake alikuja kwangu kujaribu gauni. Ndiyo, gauni lake la harusi nalishona mimi, kwa cherehani yako. Anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Nilikuwa nimepiga magoti naweka pini kwenye pindo, pini nyingine nimezibana mdomoni, yeye amesimama juu ya stuli anajitazama kwenye kioo. Akasema kwa furaha, "Shangazi, Baba amekubali! Jumapili anatubu mbele ya kanisa, arudishwe kundini, ndipo aruhusiwe kunisindikiza mpaka mbele." Akaniambia baba yake alikataa miezi mitatu. Mchungaji kamwambia aliyetengwa hawezi kumwingiza bibi harusi. Mwisho akasema basi, atakiri kwamba alitoa miti kwa ukaidi na ulevi, yaishe.

Nikanyamaza kwa sababu ya pini. Yule mtoto akadhani nimefurahi, akaniinamia akanibusu kichwani.

Fikiria hilo, mwalimu. Mtu mnyoofu, ukuta ukipinda nusu inchi anaubomoa, anakwenda kusimama mbele ya Mungu kusema uongo, na uongo wenyewe ni wa kwako, kauazima. Kwa hiyo umemvunja mguu, umemwondolea kazi, na Jumapili utamfanya mwongo. Bado nini? Utamtaka akushukuru?

Na usiniambie habari za amani ya kanisa. Nimeisikia kwa Mama jana, nilipomwambia ninachotaka kufanya. Aliacha kuchambua mboga, akasema, "Funika kombe mwanaharamu apite. Fundi mwenyewe amekubali, wewe yanakuwasha nini?" Nikamwambia, Mama, amekubali kwa sababu tumemchosha. Akasema, "Mdogo wako atafukuzwa huko. Wajukuu zangu watarudi kula nini?" Nikamwambia mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa sababu mguu si wako. Akanitupia ungo. Tangu jana hatusemeshani, tunapishana koridoni kama wapangaji.

Jumapili nitasimama. Sikuombi ruhusa, wala barua hii haitakufikia kabla. Nakupa habari tu, kama ndugu. Ulikuwa na miaka miwili ya kusema mwenyewe, ungesema kwa maneno mazuri kuliko yangu. Naacha hapa, mkono umechoka na bahasha sijanunua.

Jumapili, saa kumi jioni.

Naendelea kwenye karatasi hiihii. Nimevua viatu, sijala.

Kanisa lilijaa. Watu wanapenda toba ya mwenzao kuliko mahubiri. Fundi alikuja amevaa koti la zamani lililopigwa pasi likang'aa viwikoni, mkewe kushoto, binti kulia. Mama alikaa benchi la mbele pamoja na akina mama wazee. Mimi nilikaa katikati.

Baada ya wimbo wa pili Mchungaji akamwita. Alitembea na gongo lake, ko, ko, ko, mpaka mbele. Akageuka. Akafungua mdomo, akasema, "Ndugu zangu, mimi, kwa ukaidi wangu na kwa ulevi, nilitoa miti," halafu akakwama. Nilimwona mwili mzima unakataa, lakini anajilazimisha.

Nikasimama. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kistaarabu, yote yakakimbia. Nikapiga kelele, "Mchungaji, mtu huyo anadanganya!"

Unajua watu walifanya nini? Waliguna kwa kuridhika! Walidhani namshtaki zaidi. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Mwacheni dada aseme." Hapo nikaelewa ilikuwa rahisi kiasi gani kumzika mtu huyu, na kwa nini hukutoka hata jasho.

Basi nikasema. Nikasema siku kumi na moja. Nikasema nyundo ilishikwa na nani, na miti mitatu, na picha. Nikasema alikuwa anairudisha. Nikasema mimi sikuwa bombani, nilikuwa juu, na yeye ndiye aliyeniambia nishuke. Nikasema chaki niliifuta mimi kwa kitambaa cha vyombo, na harufu ilikuwa ya spiriti. Nilikutaja wewe, mdogo wangu. Nilisema "mdogo wangu wa tumbo moja", wasije wakadhani nina ugomvi nawe wa mali.

Mama alisimama kabla sijamaliza. Alitembea katikati ya kanisa mpaka nje bila kunitazama, na ule mguu wake. Hilo liliniuma, na bado linauma, na sitaki uniambie pole.

Kisha nilimgeukia fundi nikamwambia, "Nisamehe." Nilitegemea nini, sijui. Labda alie. Labda anikumbatie. Tumezoea visa vya namna hiyo. Yeye alinitazama, sikuona hasira, alikuwa kama anasoma jambo la mbali. Akasema, "Dada, nilikuwa nakaa pale kwenye ngazi kila Meza ya Bwana. Ulikuwa unapita mbele yangu ukitoka. Miaka miwili. Ulikuwa unanipita ukiwaza nini?"

Mdogo wangu, nilisimama pale mpaka watu wakaanza kukohoa.

Mchungaji aliketi kwanza kwenye ngazi ya madhabahu kama mtu aliyeishiwa nguvu. Kisha akasimama, akamshika fundi mkono, akasema mbele ya wote kwamba kanisa ndilo limekosa, na kwamba hakuna cha kumrudisha kundini kwa sababu hakupaswa kutolewa. Fundi akaitikia kwa kichwa tu, akaomba kiti. Mguu ulikuwa unamuuma kusimama.

Mimi nimetengwa kuanzia leo. Ni haki. Nilipoambiwa sikubishana, nilisema asante, Mchungaji akanitazama kama nimemtania.

Saa nane mchana binti wa fundi alikuja hapa na rafiki yake. Amekuja kuchukua gauni. Pindo nilikuwa sijamaliza, ulikuwa umebaki urefu wa mikono miwili hivi wa kushona. Nikamwambia aniachie mpaka kesho, nitalimaliza bure. Akasema kwa adabu, "Hapana, asante. Atamalizia mtu mwingine." Hakuniita shangazi. Alilikunja mwenyewe, akahakikisha hakuna pini yangu iliyobaki, akaziweka zote mezani moja moja. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi, ningezitupa sakafuni.

Usinielewe vibaya, sijutii. Nilidhani ukweli nikiusema nitajisikia mwepesi, wanavyosema kwenye shuhuda. Sijisikii mwepesi. Ninachojua ni kwamba jana nilikuwa mwongo na leo si mwongo, na fundi atamwingiza mwanawe Jumamosi hajasema uongo wowote. Kwangu inatosha.

Sasa lako. Wazee watakuandikia, na wameniomba anwani yako. Nimewapa. Wameniomba na ya mchungaji wa kanisa lako huko. Nimewapa pia, nimeitoa nyuma ya bahasha ya barua yako, ile ya kanisa lenu. Unaweza kuwatangulia. Zimebaki siku chache, sijui posta ina mwendo gani wiki hii.

Nilikwenda pia nyumbani kwa fundi kabla ya kukaa kumalizia barua hii. Nilimuuliza kama kuna neno la kukuandikia. Aliendelea kufyatua, akalipapasa tofali lake pembeni kwa mwiko, akasema, "Msamaha wa barua sina. Ule wa ana kwa ana sijui kama ninao mpaka nimwone. Mwambie aje tujue." Nikamwambia safari ni ndefu. Akasema, "Kwenda aliiweza."

Basi nimekwambia. Nilikubeba mgongoni mpaka ulipojua kutembea, na baadaye nikakubeba hata mahali ambapo ungetembea mwenyewe. Nimekutua. Njoo.

Wasalimie mkeo na wanangu, na uwaeleze wewe, wasisikie kwa wengine. Mama hakutumii salamu leo, kafunga mlango, lakini nimemsikia akiomba na jina lako limo. Langu sijalisikia. Mungu akuangalie mchana na usiku, akupe afya, akuondolee usingizi mpaka umesema.

Dada yako, ninayekupenda na hasira zangu,

Dada Mkubwa.